Kichwa cha dizeli cha mtumba: kukichagua, kukiamsha na kukitunza Mtwara bila kukiua

Naanza na kifo chenyewe. Mtu ananunua kichwa kidogo cha treni ya dizeli, cha mfano, kile cha kukusanya kinachotembea kwa umeme, mtumba, kutoka Japani au Uingereza. Kinakaa njiani wiki kadhaa, kinapandishwa basi Dar es Salaam, kinafika Mtwara usiku. Mwenyewe hawezi kusubiri kukuche. Anakitoa kwenye boksi, anakiweka kwenye reli, anachomeka umeme. Kichwa kinanguruma, kinasogea vidole viwili, kinatoa harufu ya plastiki inayoungua, kimya. Asubuhi naletewa kikiwa ndani ya mfuko wa kaki: "Kaka, hebu kiangalie hiki, naona nimeuziwa kibovu."

Mara nyingi hakuuziwa kibovu. Amekiua mwenyewe, ndani ya dakika mbili.

Kichwa kilicholala kabatini miaka 20 kina grisi iliyoganda ikawa gundi. Mota inataka kuzunguka, gia zimeshikwa, umeme wote unageuka joto. Ukishaelewa hilo, mpangilio wa kazi unajipanga wenyewe: unakagua, unafungua, unasafisha, unapima, na umeme unakuja mwisho. Hatua zilizo hapa chini zifuate kwa namba zake. Anayeruka namba ndiye ninayemwona asubuhi na mfuko wa kaki.

(Historia tunaiacha. Mtwara tuna kata inaitwa Reli na treni hatuna, hilo linatosha kwa leo.)

## Vitu vya kuwa navyo kabla mzigo haujafika

Karibu vyote vinapatikana hapa hapa mjini, kwa mafundi simu, maduka ya vifaa vya umeme na duka la dawa.

- Bisibisi ndogo za fundi simu, bapa na za nyota, pamoja na kibano chenye ncha nyembamba.
- Pamba za masikio, vijiti vya meno na mswaki laini ambao haujawahi kuona dawa ya meno.
- Spiriti. Bora ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa sababu ya asilimia 70 ina maji mengi na maji kwenye mhimili wa chuma ni kutu. Spiriti iliyotiwa rangi iache dukani, inaacha utando.
- Mafuta ya cherehani na bomba la sindano la mililita 1 la kudondoshea. Bila sindano utamimina, na hapa kumimina ni kuharibu.
- Grisi nyeupe ya gia za plastiki, ile wanayotumia mafundi wa mashine za fotokopi.
- Mita ya umeme ya bei nafuu, yoyote inayosoma omu na volti.
- Betri ya volti 9, ile ya mstatili, na waya mbili nyembamba.
- Adapta ya volti 12 DC (umeme unaokwenda upande mmoja), ampea 1, ya aina inayowasha kamera za CCTV.
- Balbu ya pikipiki ya volti 12, wati 5, ya waya unaowaka ndani. Ya LED haifai kwa kazi hii. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3.
- Sinia jeupe lenye kingo na taulo la rangi moja. Skrubu ya kichwa kidogo ikidondoka kwenye mkeka wa ukindu, umeipa mkeka.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vifuko vya silika kutoka kwenye maboksi ya viatu.

Dawa ya kupuliza ya kutoa kutu na thina ziondoe kabisa mezani. Ya kwanza inalainisha leo na kunasa vumbi kesho. Ya pili inayeyusha plastiki ya ganda, na hapo huna cha kurudisha.

## Hatua ya 1: Chagua kipimo kimoja ndipo uchague kichwa

Wakusanyaji wapya hununua kwa macho. Wanaishia na vichwa vitano visivyoweza kupita kwenye reli moja.

HO ni jina la kipimo cha 1:87, yaani kichwa ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. OO ya Waingereza inatumia reli hiyo hiyo ya milimita 16.5, lakini kipimo chake ni kama 1:76, kwa hiyo kichwa cha OO kikisimama jirani na cha HO kinaonekana kimevimba. N ina reli ya milimita 9, ila wanaoiita N hawakubaliani: Ulaya na Marekani ni 1:160, Uingereza 1:148, Japani 1:150. Z ni 1:220, reli milimita 6.5.

Kwa mtu wa hapa nashauri N, na sababu zangu si za urembo. Kifurushi ni chepesi. Mzunguko mzima wa reli unaenea juu ya meza ya kawaida. Na kubwa kuliko zote, kichwa cha N kinaingia kwenye kopo la jikoni lenye mfuniko, na kwenye hatua ya 9 utaona kwamba kopo hilo ndilo litakaloamua mkusanyo wako uishi au ufe.

Chukua mfano wa DD51, dizeli nyekundu ya Japani iliyoundwa kuanzia 1962 hadi 1978, jumla 649. Ile halisi ina urefu wa mita 18. Kwa 1:150 inakuwa milimita 120, inakaa kiganjani. SD40-2 ya Marekani kwa HO inakaribia milimita 241, ndefu kuliko sahani ya wali.

Wanaotafuta kitu chenye harufu ya TAZARA huwa nawaelekeza Japani. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za kawaida za Japani, na maumbo ya dizeli zao za mizigo yanamridhisha mtu aliyekulia Mbeya. Jua tu kwamba milimita 9 kwa 1:150 inawakilisha upana mkubwa kuliko ule wa kweli. Kwa haki ingekuwa karibu milimita 7. Ukishaliona hilo halitoki tena machoni. Samahani kwa kukuonyesha.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja unachokusanya. "Dizeli za Japani za N, za kuanzia 1960 hadi 1980." Kila tangazo lililo nje ya sentensi hiyo, lipite.

## Hatua ya 2: Soma tangazo kama mnunuzi wa korosho

Mnunuzi wa korosho hanunui gunia kwa kuliangalia. Anachota sampuli, anapasua, anahesabu mbovu. Wewe huwezi kupasua kitu kilichoko Osaka, kwa hiyo sampuli yako ni picha. Omba nne: ubavu, uso, tumbo lenye magurudumu, na moja ya karibu ya magurudumu yenyewe.

Picha ya tumbo ndiyo inayosema kweli. Magurudumu yenye mstari mweusi mnene yametembea sana bila kusafishwa, hilo linatibika. Kutu ya rangi ya matofali kwenye mihimili maana yake kimekaa penye unyevu. Punguza bei au acha. Ukiona kipande kirefu cha chuma katikati ya tumbo la kichwa cha HO, mfano wa kisigino cha kiatu, hicho ni cha mfumo wa Märklin wa mkondo wa AC (unaogeuka mwelekeo, kama wa ukutani) wenye nguzo ya tatu ya umeme katikati ya reli. Ni kazi nzuri ya Wajerumani, ila kwenye reli yako ya DC magurudumu yake yataunganisha nguzo mbili na kupiga shoti.

Muulize muuzaji maswali matatu tu. Kinatembea mbele na nyuma? Taa zinabadilika kikigeuza mwelekeo? Kina dekoda ndani? Akijibu kwa kukwepa, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wajapani wana neno lao, *janku*, wanaloandika kwenye kitu kinachouzwa bila dhamana yoyote. Janku si lazima iwe takataka. Nimewahi kupata vichwa vizuri humo vilivyokuwa na uchafu tu. Lakini bei ya janku iwe bei ya vipuri, si bei ya kichwa.

Dekoda ni bodi ndogo ya kudhibiti kichwa kwa mfumo wa kidijitali. Kichwa chenye dekoda kinaweza kukataa kabisa kutembea kwa DC ya kawaida kikiwa kizima, na wapo waliokivunjavunja kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kwenye hesabu weka usafiri na kodi za forodha tangu mwanzo. Mifano iliyopunguzwa vipimo iko chini ya kichwa cha ushuru 95.03, pamoja na vitu vya kuchezea. Ukiitaja namba hiyo, mazungumzo na wakala yanakuwa mafupi.

## Hatua ya 3: Tengeneza umeme wako kwanza

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipounguza kifaa changu cha kwanza.

Nilinunua kichwa pamoja na kidhibiti chake, kiboksi cheusi chenye kitasa cha mwendo. Plagi haikuingia kwenye soketi, nikatafuta adapta ya plagi, ikaingia. Kikaunguruma kama nyuki. Sekunde kumi, moshi. Nilikuwa nimebadilisha umbo la plagi nikasahau umeme wenyewe. Kiboksi kilikuwa cha volti 100, soketi yangu ya Ligula inatoa 230. Transfoma ikipewa zaidi ya mara mbili ya ilichoundiwa, chuma chake kinashindwa kuhimili, waya unavuta mkondo mwingi na kuchemka hadi unaungua.

Kwa hiyo pindua kidhibiti chochote usome mgongo wake. *AC 100V* ni cha Japani. *120V 60Hz* ni cha Marekani. Vyote viwili usivichomeke ukutani. Kikiandikwa *100–240V*, au *220–240V 50Hz*, endelea.

Njia yangu ya sasa ni rahisi. Nawaacha wauzaji wabaki na vidhibiti vyao, ninajenga changu. Adapta ya CCTV inatoa volti 12 DC, na hiyo ndiyo ya vichwa vya HO, OO na N. Z inataka pungufu, volti 8 hadi 10 kutegemea toleo, kwa hiyo usiipe adapta hii moja kwa moja. Baada ya adapta unaweka bodi ndogo ya kudhibiti mwendo wa mota, ya volti 12, kisha waya mmoja unaupitisha kwenye balbu ya pikipiki kabla haujafika kwenye reli.

Balbu ndiyo mlinzi. Waya wake ukiwa wa baridi unapitisha umeme kwa urahisi, kwa hiyo kichwa kizima kinatembea kama kawaida na balbu inafifia au haiwaki kabisa. Kukitokea shoti, balbu inachukua volti zote 12 na kuwaka kwa nguvu, na mkondo hauwezi kuzidi kiasi cha ampea 0.4 kwa balbu ya wati 5. Kwa HO ya zamani yenye mota kubwa, tumia ya wati 10 ya indiketa. Hiyo inaruhusu karibu 0.8. LED haina tabia hii, na ndiyo maana nimekukataza.

Umefaulu ikiwa: ukigusanisha waya mbili za mwisho kwa makusudi, balbu inawaka kwa nguvu na adapta haipati joto. Jaribu hilo kabla kichwa hakijafika. Usiku wa kukipokea hutakuwa na subira.

## Hatua ya 4: Mzigo umefika, mikono mifukoni

Barabara ya Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na inapokatika kule Somanga kifurushi chako kinashushwa na kupandishwa mara usizozijua. Piga picha boksi kabla ya kulifungua.

Osha mikono. Kama ni msimu na umetoka kubangua korosho za kuchoma, osha mara tatu, kisha subiri kesho. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi ya mtu. Kwenye rangi ya kiwandani hayana huruma.

Sasa kiangalie bila kukiwasha. Chombo chako cha kwanza ni jicho, cha pili ni pua. Harufu kali ya kuungua iliyoganda ndani ni ya mota iliyochomwa na mwenzako aliyekutangulia.

Tafuta ugonjwa wa zinki. Uzito wa ndani wa vichwa vingi umetengenezwa kwa aloi ya zinki, na aloi iliyochanganyika na uchafu kama risasi huvimba na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda. Inaonekana kama tope lililokauka kiangazi: nyufa za mtandao, unga mweupe, ganda lililotanuka likagoma kufunga. Unyevu unauharakisha. Dawa hakuna. Hauambukizi vichwa vya jirani, hilo lisikukoseshe usingizi, lakini usilipie kitu chenye dalili hizo.

Kisha gia. Kwenye vichwa vingi vya HO vya miaka ya 1990, na baadhi ya vya N, gia ya plastiki imesukumwa kwa nguvu kwenye mhimili wa chuma. Plastiki inasinyaa, chuma hakisinyai, gia inapasuka mstari mmoja. Meno mawili yaliyo kwenye ufa yanaachana, na kila gurudumu likizunguka mara moja gia inagonga. Kichwa kinachechemea: tik, tik, tik. Watu husafisha reli wiki nzima wakitafuta uchafu, kumbe ni gia. Kimulike kwa tochi ya simu ukitazama kila gia kwa zamu. Ufa ni mstari mwembamba mweupe. Gia mpya hununuliwa. Gundi haishiki, usijaribu.

## Hatua ya 5: Kuvua ganda

Fungua muundo wa kichwa chako kwenye simu kwanza; michoro ya viwanda vingi ipo mtandaoni. Maganda ya N mengi hayana skrubu, yanashikwa na vijino vya ndani. Ya HO huwa na skrubu mbili au nne tumboni, na wakati mwingine viunganishi vya mabehewa ndivyo vinavyoshika ganda.

Kwa yale ya vijino, tandika taulo, shika chasi kwa mkono mmoja, tanua ubavu wa ganda kwa kucha za mkono wa pili ukitikisa polepole. Ukihitaji nguvu, simama. Kuna kijino hujakiona. Vishikio vya milango na reli ndogo za pembeni ndivyo vinavyovunjika kwanza kwa sababu vidole hupenda kushika hapo.

Piga picha kila unapotoa kitu. Kila skrubu weka kwenye sinia kwa mpangilio ulioitoa. Vipande vya shaba vinavyochukua umeme kutoka magurudumuni vina upande wake. Ukivigeuza, kichwa kitarudi nyuma unapotaka kiende mbele, au hakitakwenda kabisa.

Onyo kwa mota za zamani zilizo wazi, zile unazoona waya na sumaku kwa macho: usitoe sumaku nje. Sumaku za aina hiyo zikitengwa na chuma chake hupoteza nguvu, na mota ikirudishwa inakuwa mvivu maisha yake yote.

Umefaulu ikiwa: ganda liko mkono wa kushoto, chasi kulia, na hakuna kipande kilichoruka. Kikiruka, usifagie. Zima feni, piga magoti, mulika tochi chini kabisa sambamba na sakafu; kipande kitatoa kivuli.

## Hatua ya 6: Kutoa grisi ya zamani

Grisi iliyozeeka ina rangi ya asali au kahawia, ngumu kama nta. Chokonoa kubwa kwa kijiti cha meno, iliyobaki ifute kwa pamba yenye spiriti. Gia zifanyie kazi kwa mswaki. Usilowanishe mota, na usiguse ganda kwa spiriti bila kujaribu kwanza sehemu iliyofichika: baadhi ya rangi na maandishi hutoka.

Magurudumu yafute mpaka pamba itoke nyeupe. Usitumie msasa wala steelwool. Msasa unaacha mikwaruzo inayonasa uchafu haraka zaidi, na steelwool inaacha vinyuzi vya chuma ambavyo sumaku ya mota itavivuta ndani. Ukiona gurudumu lina mkanda wa mpira, hilo ni la kuongeza mshiko. Mpira uliokauka na kupasuka toa, andika kipimo chake, agiza mwingine.

Halafu mafuta. Tone moja dogo la mafuta ya cherehani kwenye kila ncha ya mhimili wa mota, na tone kwenye nyumba ya kila mhimili wa gurudumu ikiwa ni ya chuma. Grisi nyeupe kiasi cha chembe ya mtama kwenye gia ya kwanza. Ikizunguka itajigawa yenyewe. Waswahili wa jikoni tunajua nazi ikizidi mchuzi unakataa, na hapa ni vivyo hivyo: mafuta yaliyozidi yanafika kwenye kaboni za mota, yanachanganyika na vumbi lake jeusi, na mota inakufa taratibu.

Umefaulu ikiwa: ukizungusha gurudumu la uzito la mota kwa kidole, magurudumu yote yanazunguka bila kukwama mahali pamoja. Pakikwama, rudi ulikotoka. Hatua ya 7 haikuhusu bado.

## Hatua ya 7: Mita, kisha betri

Weka mita kwenye omu, gusa ncha mbili za mota. Usomaji wa makumi kadhaa ya omu, au pungufu kidogo ya hapo, ni kawaida. Zungusha mota kidogo kidogo kwa mkono: usomaji ukibadilika na kurudi, ni sawa. Sifuri kila mahali ni shoti. Kimya kabisa ni kaboni zilizokwisha, chafu au zilizotoka mahali pake.

Fundi simu mmoja pale stendi alinisaidia mwanzoni nilipokuwa naogopa mita. Aligusa mara moja akacheka. "Kaka, mota hii nzima. Unaumwa wewe."

Sasa betri ya volti 9. Gusa waya kwenye magurudumu ya kushoto na ya kulia huku kichwa kikiwa chali juu ya taulo. Natumia betri kwa sababu nguvu yake ni ndogo. Hata kitu kikikwama haiwezi kuunguza haraka. Gusa sekunde mbili, acha, nusa. Geuza waya, gusa tena: kizunguke kinyume. Kichwa chenye dekoda kinaweza kuchelewa kidogo kuanza au kisianze kabisa, na hiyo peke yake si dalili ya ubovu.

Umefaulu ikiwa: sauti ni moja, laini, pande zote mbili.

## Hatua ya 8: Mita moja ya reli

Huhitaji mji mzima. Reli ya mita moja juu ya ubao ulionyooka inatosha. Tafuta reli za nikeli. Zile za shaba nyeupe za zamani zinaweka utando upesi, na chuma hapa pwani usikigusie. Futa kwa spiriti, unganisha kidhibiti chako pamoja na balbu, anza kitasa kikiwa sifuri.

Ongeza taratibu. Angalia balbu kabla ya kuangalia kichwa. Ikiwaka kwa nguvu, zima. Kuna shoti au kuna kitu kimeshikwa. Ikiwa kimya na kichwa kinatembea, kiache kiende na kurudi robo saa kila upande kwa mwendo wa wastani, ukikigusa juu ya mota kila baada ya dakika chache. Vuguvugu ni sawa. Kikikufanya uondoe kidole, zima.

Jaribio la mwisho ni mwendo wa polepole. Kichwa kilichosafishwa vizuri kinatambaa kama kobe bila kushtuka. Kikishtuka mahali pale pale pa reli, uchafu uko kwenye reli. Kikishtuka kila baada ya umbali ule ule popote kilipo, ni gurudumu au gia. Tofauti hiyo itakuokolea wiki nzima.

## Hatua ya 9: Kukitunza kwenye hewa ya chumvi

Anayeishi Naliendele ana nafuu kidogo. Anayeishi Shangani, dirisha likitazama bahari, anakusanya vichwa vya treni ndani ya mtungi wa chumvi. Kusi ikivuma, utando wa chumvi hauonekani kwa macho mpaka siku utakapoona vidoti vya kahawia kwenye mihimili.

Kabati la kioo la sebuleni ni zuri kwa wageni na baya kwa chuma. Weka hadharani kichwa kimoja au viwili kwa zamu. Vingine viwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikivuka 60, silika imeshiba.

Silika iliyoshiba inakaushwa. Mimina chembe nje ya kifuko cha karatasi, weka kwenye sufuria kuukuu juu ya moto mdogo wa makaa, koroga kama unakaanga ufuta, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Zile za rangi ya buluu zina kobalti: sufuria hiyo isirudi tena jikoni.

Sponji ya kwenye boksi la awali itazame kwa makini. Ikizeeka hasa kwenye joto inageuka uji unaonata na kung'ang'ania rangi. Itoe, funga kichwa kwa karatasi nyeupe isiyochapwa. Gazeti halifai, wino wake unahama. Boksi lenyewe litunze mahali pakavu, kwa kuwa bei ya kuuzia inalitegemea.

Mara moja kwa mwezi kila kichwa kitembee dakika kumi. Mafuta yasipotembea yanaanza safari ile ile ya kuwa gundi.

## Daftari

Daftari la karatasi, si simu. Kila kichwa kina namba na ukurasa. Wa kwangu mmoja unasomeka hivi:

*Na. 7. DE10, N, 1:150. Kilinunuliwa kama janku. Grisi ngumu, gia nzima, zinki haina nyufa. Kimesafishwa, mafuta matone manne. Betri: sawa pande zote. Balbu: haikuwaka. Taa ya nyuma haiwaki, waya umekatika karibu na bodi, lehemu inahitajika. Mpira wa gurudumu la pili kushoto umepasuka, mpya umeagizwa. Kopo la 2. Unyevu 46.*